Mshale Kwenye Saa Tatu

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Nesi Kissa alinipigia simu kuniambia kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani amemkana tena mumewe.

"Na jina?" nikauliza.

"Jina, watoto, mtaa anaoishi. Kila kitu hapana. Na ile sindano ya mashine yako inatetemeka kama ina homa. Uje mapema, Fundi Subi. Jopo linakaa saa nane, na safari hii wanakuja wote watatu."

Nilichukua begi la vifaa na koti la mvua. Kutoka kwangu hadi hospitali ni dakika kumi na tano kwa miguu, na hapa Tukuyu mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumamosi. Njiani nilijaribu kupanga nitakagua nini kwanza na nini mwisho, lakini mpango haukukaa kichwani. Kila nilipofika hatua ya nne nilikuwa nimeisahau ya kwanza.

Chumba cha Majibu kina vitanda viwili na mashine moja. Wanaolazwa humo ni watu ambao miili yao imeacha kupokea amri: hawafumbui macho, hawabani kidole, wanapumua kwa pampu. Zamani mtu wa namna hiyo aliamuliwa na ndugu au daktari. Tangu ipitishwe Sheria ya Jibu, anaamua mwenyewe. Tunapitisha mwanga mwekundu kwenye paji la uso wake, kihisi kinaupima unaotokea, kisha tunamuuliza. Akitaka kusema ndiyo, anajiwazia amekaa mahali patulivu. Damu inapungua pale mbele, mwanga unapenya zaidi, sindano ya mashine inakwenda kulia. Akitaka kusema hapana, anajiwazia anapanda mlima Rungwe mbio. Damu inajaa, mwanga unazibwa, sindano inakwenda kushoto.

Mgonjwa mpya huanza na maswali mawili ya utambulisho katika kila kikao. Asipoyapatia kwa vikao sita, jopo huandika neno moja kwenye faili, "Hayupo", na pampu huzimwa. Tusajigwe wa kitanda cha dirishani alikuwa amekosa vikao vitano. Cha sita kilikuwa siku hiyo.

Mumewe, Gwamaka, ni mekanika wa kiwanda cha chai. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia yake magotini.

"Fundi," akasema, "miaka ishirini na miwili ya ndoa, nakanwa na taa."

"Taa haikani, kaka Gwamaka. Inapitisha tu."

"Basi muulize aliyeko nyuma ya taa, yeye anadhani nani alimwoa."

Kissa, aliyekuwa anabadilisha shuka, alicheka kisha akajizuia. Gwamaka naye akatabasamu kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Jambo moja tu limenipa nafuu. Namuuliza kila siku kama anaumwa popote. Anasema hapana. Hilo nalishukuru."

Nikavaa glavu, nikafungua mfuniko wa nyuma wa mashine.

*

Mwanga unaotokea upande wa pili wa paji la uso ni mdogo mno. Taa ya dari peke yake inaufunika, na umeme wa jengo zima unapiga kelele juu yake. Ndiyo maana tunaukatakata. Mbele ya taa yetu kuna kisahani chenye matundu kinachozunguka, na mwanga unatoka kwa mdundo: mara mia mbili sabini na moja kwa sekunde. Waya mmoja unapeleka mdundo huo kwenye amplifaya, kifaa kinachokuza ishara, na amplifaya inaambiwa isikilize huo tu. Kila kisichodunda hivyo, inakipuuza. Ni kama mama anayesikia kilio cha mwanawe katikati ya soko.

Amplifaya yetu mpya iliungua tarehe nne, radi ilipopiga nguzo ya nyuma. Siku iliyofuata nilitoa stoo ile ya zamani, ya vifundo vya kuzungusha na sindano, iliyoachwa na Fundi Anangisye alipostaafu. Niliisafisha, nikaiwasha, nikaipima kwa bonge la nta tunalolitumia badala ya kichwa cha mtu. Nguvu ya ishara ilikuwa sawasawa. Nikasaini.

Sasa ilikuwa inatetemeka. Nilianza na taa: imara. Kisahani: kinazunguka bila kuyumba. Nilichomoa kebo ya kihisi nikaiweka nyingine, bado. Nikazima taa za dari. Bado. Nilipogusa waya wa ethi nyuma ya kabati, sindano ikatulia. Nikauachia, ikaanza tena. Skrubu ilikuwa imelegea. Niliikaza, nikamwita Kissa.

"Homa imeshuka," akasema.

"Muulize jina."

Akainama kitandani. "Dada Tusajigwe, umeamkaje. Jina lako ni Tusajigwe?"

Tulisubiri. Sekunde ishirini ndizo za kawaida. Sindano, tulivu kabisa, ikateleza kushoto.

Gwamaka akainuka, akatoka nje.

Ningeweza kufunga mfuniko. Hitilafu niliyoitiwa nilikuwa nimeitengeneza, na jibu lilikuwa safi kuliko siku zote. Lakini nilijikuta nazunguka meza, nakunja kebo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Maswali yote ya vikao vitano yako wapi?" nikamuuliza Kissa.

Akanipa daftari. Maswali kumi. Nusu yalikuwa ya kweli na nusu ya uongo, kama kanuni inavyotaka. Unaitwa Tusajigwe: hapana. Unaitwa Rehema: ndiyo. Una watoto watatu: hapana. Umezaliwa Mwanza: ndiyo.

"Amekosa yote kumi," nikasema.

"Ndiyo maana jopo linakuja."

"Kissa, mtu aliyepotea anabahatisha. Angekosa matano, sita. Ili ukose yote kumi, lazima uyajue yote kumi."

Akalichukua tena. Aliliangalia daftari, kisha akaniangalia mimi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Ipyana, amejifunika kitenge kilicholowa, na kikapu cha parachichi mkononi.

"Shikamoo, mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Sikuja kuwasumbua. Nimewaletea hizi za shambani."

Mwanawe alikuwa wa kitanda cha pili, kile kilichokuwa kitupu. Alilala humo miezi miwili, na alikuwa amethibitishwa siku nyingi, kwa hiyo hakuulizwa tena jina. Aliulizwa swali moja tu, kila Ijumaa: tuendelee? Ijumaa ya tarehe sita alisema hapana. Jumatatu pampu ilizimwa. Jumatano alizikwa.

"Watu msibani waliniuliza nimewezaje kukubali," Mama Ipyana akasema. "Nikawaambia, siyo mimi niliyekubali. Mwanangu amesema mwenyewe, nimemsikia. Sheria ilitaka nimuulize mara mbili, mimi nikamuuliza mara tatu, nisije nikasema sikuelewa. Mara zote tatu, hapana." Aliweka kikapu mezani. "Nalala, Fundi. Wengine waliofiwa hawalali. Mimi nalala kwa sababu yenu."

Nikasema asante. Akasema atakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka mvua ipungue, akaondoka.

Tarehe nne radi. Tarehe tano mashine ya zamani. Tarehe sita hapana.

*

Kila asubuhi, jambo la kwanza ninalofanya ni kubonyeza kitufe cha sifuri. Kinairudisha sindano katikati popote ilipokuwa, ili tuone mabadiliko tu. Nilikuwa nimekibonyeza kila siku tangu tarehe tano bila kutazama sindano ilikuwa imekaa wapi kabla.

Nikakitoa, nione ilipokaa.

Sindano ilianguka kushoto mpaka mwisho, ikagota ukutani mwa kioo na kubaki pale.

Nilivuta kiti nikakaa. Mwanga unaweza kuwa mwingi, unaweza kuwa kidogo, unaweza kukosekana. Hauwezi kuwa pungufu ya giza. Mashine ilikuwa inasoma mwanga kama deni la mwanga.

Amplifaya ya aina hii huambiwa mdundo, na huambiwa pia ianze kuhesabu wapi ndani ya mdundo. Ikianza pale tundu linapofunguka, mwanga unahesabiwa kuwa mwanga. Ikianza nusu mzunguko baadaye, inachukua giza kama mwanga na mwanga kama giza. Nguvu inabaki ileile, utulivu uleule, bonge la nta haliwezi kukuambia. Kinachogeuka ni upande tu. Mahali pa kuanzia panapangwa na kifundo kimoja chenye mshale.

Alama za kiwandani kwenye kifundo hicho zilikuwa zimefutika zamani. Fundi Anangisye alikuwa amechora badala yake uso wa saa kwa kalamu nyeusi: 12 juu, 3, 6, 9. Ndani ya mfuniko alibandika karatasi: *Mshale uwe saa tatu. Kisha sifuri.* Mshale ulikuwa kwenye 3. Niliuweka mwenyewe.

Nikajivika kihisi kwenye paji la uso, nikabonyeza sifuri.

"Niulize," nikamwambia Kissa.

"Wewe ni fundi wa mashine hii?"

Nikafumba macho, nikajiwazia nimekaa barazani kwa bibi yangu, kijijini Masoko, mchana, hakuna anayenituma. Nikafumbua macho. Sindano ilikuwa kushoto.

"Hapana," Kissa akasoma. "Hilo tulilishuku siku nyingi."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa ameelewa katikati ya utani wake, nikaona mkono wake unakwenda mdomoni.

Nilimpigia simu Fundi Anangisye. Alipokea, nikasikia kuku nyuma yake.

"Fundi, ile karatasi yako. Mshale uwe saa tatu. Ulimaanisha namba tatu?"

"Saa tatu, mwanangu. Saa tatu ni saa tatu."

"Kwenye ule uso wa saa uliouchora, mshale unaelekea namba gani?"

"Wewe umelelewa na simu, eh? Saa ya mshale hujawahi kuvaa. Saa tatu asubuhi mshale mfupi unakaa wapi? Kwenye tisa. Kila mtu anajua hivyo."

Nikautazama mshale.

"Subilaga? Umeuweka wapi?"

"Kwenye tatu."

Kuku waliendelea kulia. Kila saa tunayoitaja kwa Kiswahili iko ng'ambo ya namba inayoonekana kwenye uso wa saa. Saa sita tofauti, siku zote. Na saa sita kwenye duara ni nusu ya duara. Lau angekuwa ameandika digrii, nisingekosea; lau ningekuwa nimekosea kidogo tu, sindano ingepungua nguvu na bonge la nta lingenishtua. Kosa hili lilikuwa nusu duara kamili.

"Kuna mtu ameumia?" akauliza.

Nikamwambia nitampigia tena.

*

Daktari Mbwilo ni mkuu wa kitengo. Namheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaja chumbani, akajivika kihisi mwenyewe, akauona upande. Halafu akanirudisha ofisini kwake na kufunga mlango. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Geuza mshale," akasema. "Tusajigwe ataulizwa upya, jopo litamwona yuko mzima wa akili, limekwisha. Umemwokoa mtu leo, Subilaga."

"Na Ipyana?"

Akavua miwani. "Nimesoma sheria kabla hujakaa. Tukiandika kwamba mashine ilitoa jibu lililopinduka, chumba kinafungwa siku tisini kwa uchunguzi. Hakuna mashine nyingine mpaka Mbeya, na ya Mbeya ina foleni ya miezi saba. Yule mama wa dirishani amepata sauti leo. Unataka aipoteze leo hiihii?"

"Pampu yake haitazimwa?"

"Akiyapatia maswali ya jopo leo, haizimwi. Ila atakuwa kimya siku tisini. Mtu aliyeko ndani, anayejua kwamba tunajua yuko ndani." Alizungusha miwani vidoleni. "Na Mama Ipyana. Analala, kakuambia mwenyewe. Unamwamsha ili iweje? Kijana harudi. Utamzika mara ya pili, na safari hii kaburi atakuwa amelichimba yeye, kwa maswali yake matatu."

Nilitafuta, kwa uaminifu, mahali ambapo hoja yake ilikuwa imelegea kama ile skrubu. Sikupaona. Nilichokuwa nacho ni kitu kidogo: mtu alikuwa amesema ndiyo, na hakuna hata mmoja duniani aliyejua kwamba alisema.

"Daktari, nitageuza mshale kwanza," nikasema. "Mengine niache mpaka saa nane."

"Fikiri vizuri," akasema. Hakuwa ananitisha. Nadhani alikuwa ananiomba.

*

Nilizungusha kifundo mpaka tisa. Nikatoa sifuri: sindano ikakaa kulia, mahali pa mwanga. Nikabonyeza sifuri. Kissa alimleta Gwamaka, tukamweleza yote kwa maneno machache. Alisikiliza huku ameikunja kofia yake kama anayekamua nguo.

Akainama sikioni pa mkewe. "Tusa. Mimi ni mumeo?"

Sindano ikaenda kulia.

Akaushika mkono wa mkewe. Kisha akanigeukia ghafla, uso umebadilika, nikajua amefikia lile jambo lingine.

"Tusa, unaumwa popote?"

Kulia.

"Siku zote hizi?"

Kulia, mpaka karibu na mwisho.

Kissa alikuwa tayari yuko mlangoni kwenda kumwita daktari wa zamu. Dawa ililetwa. Gwamaka aliuliza: mgongo? Hapana. Nyonga? Ndiyo. Ya kushoto? Ndiyo. Siku tisa alikuwa amelazwa upande huohuo, kwa sababu alipoulizwa kama ageuzwe, tulisoma hapana. Walimgeuza.

Saa sita na nusu nilivuta kiti nikakaa upande wa pili wa kitanda. Sikutaka kumtwika uamuzi wangu. Lakini sikuona haki ya kumfungia mlango bila hata kumwambia.

"Dada Tusajigwe, mimi ni Subilaga, fundi. Mshale uliokugeuza maneno niliuweka mimi, kwa kusoma vibaya. Naomba unisamehe, na hilo silifanyi swali. Kuna mwenzako alilala kitanda cha pili. Yeye aligeuzwa pia, akazikwa. Mama yake yuko mapokezi na hajui. Nikimwambia na nikiandika, chumba hiki kitafungwa miezi mitatu na hatutakusikia. Mumeo anajua sasa upande wa kukulaza, na dawa itaendelea kwa maandishi ya daktari. Nakwambia kwa sababu ni sauti yako. Sikuulizi."

Gwamaka alinitazama kwa macho ambayo nisingeyalaumu kama yangekuwa ya chuki. "Usimwambie mambo hayo, Fundi. Mwache kwanza apumue."

"Subi," Kissa akasema.

Sindano ilikuwa inasogea. Ilikwenda polepole, kama mtu anayebeba kitu kizito na hataki kukimwaga. Ilikwenda kulia, ikakaa huko, sekunde ishirini, arobaini, dakika nzima, bila mtu kuuliza chochote.

Gwamaka aliiangalia mpaka iliporudi katikati. Kisha akaketi, akatoa kalamu mfukoni, akamwomba Kissa karatasi. "Basi tuna saa moja na nusu," akamwambia mkewe. "Tuanze. Uji, tuendelee kukuwekea ule wa ulezi?"

Nilifungua daftari la mashine nikaandika: *Tarehe 5 hadi 16, mshale wa mahali pa kuanzia kwenye 3 badala ya 9. Majibu yote ya siku hizo yamepinduka. Niliuweka mimi.* Nikasaini, nikampelekea Daktari Mbwilo. Alisoma mara mbili. Hakuuchana ukurasa na hakunitazama. "Jopo litapenda kuanza na hili," akasema.

*

Mama Ipyana alikuwa bado kwenye benchi. Mvua ilikuwa imepungua na kitenge chake kimeanza kukauka mabegani. Aliponiona alisogea kunipa nafasi, kama mtu anavyompisha mgeni nyumbani kwake.

"Umechoka, mwanangu. Umekula?"

"Bado, mama."

Nilikuwa nimekuja na ile karatasi ya Fundi Anangisye, na saa ya ukutani niliyoiazima ofisi ya usajili, pengine ya mwisho yenye mishale katika jengo lile. Niliiweka magotini. Nilikuwa nimepanga maneno kwa hatua, na safari hii hatua hazikunipotea. Nikamwonyesha tatu, nikamwonyesha tisa. Nikamwambia nilichosoma na nilichopaswa kusoma. Nikamwambia kulia ni kushoto, kushoto ni kulia, na tangu siku gani. Sikusema samahani katikati, kwa sababu angelazimika kunijibu.

Nilipomaliza alikuwa anaangalia saa. Mshale wa sekunde ulizunguka mara mbili nzima.

"Nilimuuliza mara tatu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi alisema ndiyo mara tatu."

"Ndiyo."

Hakulia. Aliichukua ile saa magotini pangu, akaishika kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango aione vizuri.

"Rudia," akasema. "Taratibu. Anza na hii saa."

Nikaanza na saa.